Nyumba ikiuzwa, fundi rangi aitwe wa mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ikiwa nitarefusha, unisamehe, maana jambo hili nimelinyamazia miaka mingi.

Mwezi uliopita gazeti lako lilitoa ushauri kwa wenye kuuza nyumba. Mwandishi alisema upakwe rangi nyeupe kila ukuta, ziwekwe ndoo za maua mlangoni, ufukizwe udi, na mteja atatoa pesa bila kubisha. Niliisoma barazani kwa muuza kahawa hapa Ngamiani, Tanga. Nikampa jirani naye asome kwa sauti, nisije nikawa nimekosea kwa sababu ya miwani. Hakukuwa na kosa. Ndivyo ilivyoandikwa.

Mimi ni fundi rangi. Nilianza mwaka 1993 kwa kumbebea mjomba wangu ngazi: yeye anakokota baiskeli mbele, mimi nimeshika mkia wa ngazi nyuma, kutoka Ngamiani mpaka Raskazone, na jua la kaskazi utosini. Siku hizi goti la kulia limekataa kupanda, wanapanda vijana wangu wawili nami nakaa chini natoa makosa. Kazi niliyoitiwa mara nyingi kuliko zote ni ya nyumba inayouzwa. Simu huwa ile ile, hubadilika sauti tu: "Fundi, njoo Alhamisi. Jumamosi kuna mteja anashuka kutoka Dar."

Na simu hizo ziliongezeka tangu lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta pale Chongoleani, Agosti 2017. Watu wakaamka. Aliyekuwa na kibanda Sahare akajiona ana hazina. Dalali mmoja ninayemfahamu alikuwa akiuza samaki pale Deep Sea. Siku hizi anavaa viatu vyenye ncha na anasema "mali" badala ya nyumba. Simlaumu, kila mtu na riziki yake. Lakini yeye na wenzake ndio waliowafundisha wenye nyumba kuniita mimi kwanza, na mimi nasema, kinyume cha tumbo langu mwenyewe, kwamba niitwe wa mwisho.

Sababu yake ni chumvi.

Mtu asiyekaa pwani anadhani ukuta ukibanduka rangi ni kwa sababu rangi ni rahisi. Anabadilisha rangi, ananunua ya bei, mwaka unaofuata hali ni ile ile. Ukuta wa Tanga una chumvi tumboni. Wazee walijengea mchanga wa ufukweni, na mchanga huo una chumvi. Mawe ya matumbawe yana chumvi. Maji ya ardhini yanapanda ukutani kidogo kidogo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, nayo yamebeba chumvi yake. Yakifika juu ya uso wa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inakua kama unga mweupe, na ule unga una nguvu. Unasukuma rangi mpaka inafanya malengelenge, kisha inapasuka na kudondoka vipande vipande. Tazama nyumba yoyote ya zamani hapa mjini: ugonjwa uko kuanzia sakafuni mpaka magotini au kiunoni, juu ya hapo ukuta ni mzima. Hicho ndicho kimo cha maji.

Na hapo hapo kiunoni ndipo sisi tunapopenda kupiga rangi ya mafuta! Ile ya kahawia au ya kijani, ili watoto wakichafua iweze kufutwa. Ni sawa na mtu anayetoka jasho kumvalisha koti la mvua.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Februari 2016 niliitwa Makorora. Nyumba ya vyumba vinne, mwenyewe ana haraka, dalali amesimama mlangoni anatazama saa. Nikaingia, nikapitisha kiganja ukutani, kikatoka na unga. Nikamwambia mwenye nyumba ukuta huu haujawa tayari, tubandue lipu ya chini tuuache upumue, nipe wiki tano au sita. Akacheka. Akasema, "Wewe paka, fundi. Kukagua ni kazi ya mteja." Dalali akaitikia kama vile ameombewa dua.

Nikapaka. Nilikwangua unga kwa brashi ya waya, nikapiga rangi ya mafuta mara mbili chini, ya maji juu, rangi ya maziwa, na mlango nikaupiga vanishi. Siku tatu. Ilikuwa kaskazi, jua kali, ukuta juu juu ulikuwa mkavu na rangi ikashika vizuri. Harufu ya rangi mpya ikameza harufu ya unyevu. Mhariri, nyumba ile iling'aa. Mimi mwenyewe nilirudi nyuma mpaka barabarani nikaitazama nikafurahi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Aliyenunua alikuwa mwalimu mstaafu, mama mjane, na pesa zilikuwa kiinua mgongo chake.

Masika ya mwaka huo yalinyesha, na mwezi wa Mei mama yule akaja kwangu. Alikuwa ameuliza mtaa kwa mtaa nani aliyepaka ile nyumba. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akakaa barazani. Akafungua ncha ya kanga, pale ambapo mama zetu hufunga pesa, nikadhani anataka kunipa kazi. Akatoa gamba la rangi, kubwa kama kiganja, rangi ya maziwa. Akaligeuza. Nyuma yake kulikuwa na chumvi nene kama chapati iliyonyunyiziwa unga. Akaliweka mkekani.

"Fundi, hii ni yako. Nimekuletea."

Hakunigombeza. Mke wangu akaleta chai, akashukuru, hakuinywa. Akaondoka. Kazi ile nililipwa laki moja na elfu themanini. Nakumbuka kwa sababu nilinunulia godoro, na godoro lenyewe mpaka leo tunalilalia.

Ningeweza kujitetea kwamba mimi ni fundi tu, nyumba si yangu na pesa ya nyumba sikuila. Nimejitetea hivyo mara nyingi usiku. Lakini mkono uliofunika ulikuwa huu.

Tangu hapo nikaweka sharti. Ukiniita kupaka nyumba ya kuuza, kwanza nakuja na vipande vya nailoni na gundi ya karatasi. Nabandika kipande ukutani, nakizungushia gundi pande zote, nakiacha siku mbili. Nikikibandua nikakuta umande upande wa ukutani, ukuta ndio unaotoa maji, na sipaki. Wengi wananikasirikia. Wanakwenda kwa mwingine, naye anapaka, na mie nakosa kazi. Wanaobaki nawaambia hivi.

Tafuta maji yanatoka wapi kabla hujagusa ukuta. Panda juu utazame bati, hasa matundu ya misumari na mahali bati mbili zinapopandana, maana kwa upepo huu wa bahari kutu haina mapumziko. Ondoa udongo uliorundikana nje ya ukuta. Hili watu hawalioni kabisa. Miaka kwa miaka wanamwaga kifusi uani ili maji yasituame, ua unapanda, sakafu ya ndani inabaki chini, mwisho nyumba imekaa shimoni. Chimba pembeni ya ukuta, shusha udongo mpaka uwe chini ya sakafu, uuelekeze mteremko uende mbali na nyumba. Kazi ya vibarua wawili, siku mbili tatu, sepetu na toroli. Haionekani kwenye picha ambazo dalali anazituma kwenye simu, lakini nimeona nyumba iliyopona kwa hiyo peke yake.

Kisha bandua lipu iliyooza, vuka kidogo kile kimo cha maji, mpaka mawe yaonekane. Chumvi ifagiliwe kavu. Usiioshe kwa maji, ukiiosha unairudisha ndani. Ifagie, izoe, kaitupe mbali na nyumba. Acha ukuta wazi madirisha yakiwa wazi. Jirani watakusema kwamba umeshindwa, waache waseme. Ukikauka ndipo upige lipu, na kama nyumba ni ya zamani usipige saruji tupu. Najua saruji ni kiburi chetu, kiwanda kiko hapo hapo Pongwe. Ni nzuri kwa matofali ya leo. Ila kuta za mawe na udongo, za miti ya mikoko iliyokandikwa, zilizaliwa na chokaa, na chokaa inapitisha pumzi. Saruji inafungia maji ndani nayo yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Nyumba ambayo unyevu ulikuwa magotini, ukiipiga saruji chini, baada ya miaka michache utaukuta kifuani.

Juu ya lipu ya chokaa paka chokaa, nyepesi, mara tatu au nne, kila mara ikauke. Mjomba wangu alikuwa akiloweka chokaa wiki kadhaa kabla ya kazi, na alitufukuza kama kuku tusikaribie siku ya kuimwagia maji, maana inachemka na ikiruka jichoni ni msiba. Akisema rangi ya chokaa ni kama uji: mzito haunyweki.

Haya yote yafanywe Januari na Februari, kaskazi ikivuma. Anayeanza mwezi wa nne anapaka matope.

Utaniuliza, wewe fundi unayejua sana, yako uliuzaje? Tuliuza nyumba ya baba yetu mwaka 2022, Barabara ya 13. Baba alikuwa mtu wa reli. Aliijenga mwaka 1968, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyumba nyingi za Ngamiani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma na jiko na choo. Tulizaliwa humo sote watano. Alipofariki tukapangisha vyumba, na nyumba ya wapangaji mnaijua, haina mwenyewe. Kila mmoja anafagia mpaka kwenye pazia lake.

Dada yetu mkubwa yuko Muscat. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika saba: tuweke vigae ukumbini, dari ya jipsamu yenye taa za rangi, geti la chuma, na tuondoe baraza kwa sababu "wateja wa siku hizi hawataki wazee mlangoni". Kaka yetu wa Mbagala akasema tuuze kama ilivyo, kila mtu achukue chake. Wadogo zangu wakanitazama mimi. Nikawaomba miezi mitatu na shilingi milioni mbili na nusu. Dada akasema milioni mbili na nusu haifanyi kitu. Nikamwambia, dada, vigae juu ya sakafu yenye maji vitalia kama ngoma baada ya mwaka, na mnunuzi mwenye akili anagonga kwa kisigino.

Kitu cha kwanza hakikuwa ukuta. Kilikuwa wapangaji. Tulikuwa nao wanne: mama muuza chapati, kijana wa bodaboda, na mume na mke wenye mtoto mchanga. Watu wengi wanawaficha wapangaji habari ya kuuza, wanawatoa wiki ya mwisho kwa ugomvi, halafu mteja akija anamkuta mtu amekasirika mlangoni. Hata usipofukiza udi, huyo ndiye harufu ya nyumba. Tuliwaita ukumbini, tukawaambia kweli, tukawapa miezi mitatu na mwezi wa mwisho tukawasamehe kodi. Tukawaomba jambo moja: mteja akiwauliza, wamjibu wanachokijua.

Mama wa chapati aliutimiza mno huo wasia. Kila aliyekuja alimwambia, "Bati halivuji, mwanangu, lakini kunguru wa hapa watakula mpaka sabuni." Kaka yetu alitaka kumnyamazisha. Nikamwambia mwache. Mtu akishaambiwa habari ya kunguru bila kuuliza, na habari ya bati ataiamini.

Jikoni na ukumbini dari ilikuwa nyeusi kwa masizi ya mkaa wa miaka ishirini. Ukipaka rangi ya maji juu ya masizi yanatokeza tena, ya manjano kama chai. Tuliosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto, mimi na vijana, siku mbili, maji yakidondoka mpaka kwenye mikono ya mashati. Juu ya dari tukatoa kinyesi cha popo gunia moja na nusu. Nyumba nzima harufu ikabadilika siku ile ile, na hapo ndipo nilipoelewa kile kitu ambacho tulikuwa tukikiita "harufu ya nyumba ya baba".

Kuhusu udi: mwandishi wako anisamehe. Udi ni wa jioni, wa wageni, wa Ijumaa. Mteja akiingia saa nne asubuhi akakutana na moshi wa udi, mwanamke wa pwani hasemi "lo, kunanukia". Anajiuliza wanaficha nini. Choo kisafishwe mpaka kisihitaji udi. Shimo letu lilikuwa limejaa, tukaita gari la majitaka likavuta, tukabadilisha mfuniko uliopasuka, tukaweka bomba refu la kutolea hewa lenye wavu juu kuzuia nzi na mbu. Fedha nyingi kuliko za rangi zilikwenda chooni, na sijuti hata senti moja.

Baraza hatukuibomoa. Dada alinuna. Tuliipiga sakafu upya, tukaziba nyufa, nikaipaka chokaa yenye nili kidogo. Mteja wa Ngamiani kabla hajaingia ndani anakaa barazani, na akikaa anapewa kahawa, na akipewa kahawa anaanza kuuliza majirani. Wale wazee ambao dada hakuwataka ndio waliokuwa wakitufanyia kazi ya udalali bila asilimia kumi.

Mlango wa mbele ni wa mvule. Ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta mara nyingi hata nakshi zake ndogo za ukingoni zilizibwa, ukiukwangua unaona rangi za kila Idi: bluu, kijani, kahawia, bluu tena. Kijana wangu aliupiga msasa siku nne. Tukaupaka mafuta tu. Mwaka 1968 baba aliuleta kwa mkokoteni, mama alikuwa akitusimulia kwamba ulifika kabla ya bati.

Ndani tulitoa vitu. Friji mbili zisizofanya kazi, vitanda vya chuma, masanduku, redio kubwa ya baba, magurudumu ya baiskeli. Ukumbi ukawa mpana ghafla, mtu anaona kutoka mlango wa mbele mpaka mwembe uani. Tulibadilisha taa, tukafungua madirisha yote na kuyatia mafuta bawaba. Na kama kuna kitu kidogo nitakachomshauri muuzaji yeyote: mlete mteja alasiri, upepo wa bahari ukiwa umeingia, milango yote miwili wazi. Ule upepo unaopita ukumbini haununuliwi popote. Picha ya baba na ile fremu ya Ayatul Kursiy tuliziacha mpaka siku ya kukabidhi. Mafundi wa siku hizi wanasema zitolewe, ati mteja ajione yeye. Sisi tuliona haya.

Karatasi nazipita haraka, mimi si wakili. Ila nilijifunza kwa kuumia kwamba karatasi nazo zina chumvi yake. Hati ya baba ilikuwa ya miaka 33, ilitolewa 1987, maana yake ilikwisha 2020 sisi tukiwa tunakusanya kodi za vyumba bila habari. Mteja wa kwanza, mwenye pesa taslimu, aliondoka kwa ajili hiyo. Tukaanza upya: barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kodi ya pango la ardhi iliyolala, kuhuisha hati. Kuta zilikauka kabla ya hati kutoka. Mwenye nyumba ya ndoa naye akumbuke kwamba chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hawezi kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Nimewahi kupaka nyumba Chumbageni mpaka chumba cha mwisho ndipo mke akatokea na mwanasheria. Na risiti za saruji, bati, mafundi, mzitunze jamani, msifungie maandazi. Ukiuza, serikali inataka kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na gharama ulizotumia kuiendeleza nyumba zinahesabiwa kama una ushahidi. Kodi ya jengo angalau siku hizi inakatwa kwenye LUKU ukinunua umeme, hiyo haikimbiliki.

Aliyeinunua alikuwa bibi wa miaka sitini na kitu kutoka Pangani, alikuja na mjukuu wake wa kiume mwenye simu. Mjukuu akapiga picha. Bibi hakutazama rangi hata kidogo. Alivua kandambili, akatembea pekupeku ukumbini, polepole, anasikiliza sakafu kwa nyayo. Akaweka kiganja ukutani, chini kabisa, karibu na kona, akakiacha hapo kama anapima homa ya mtoto. Akafungua bomba la uani akaangalia maji. Akachota ndoo nzima akaimwaga chooni, akasimama anasikiliza. Akatoka nje, akapita nyuma ya nyumba kutazama udongo. Kisha akaenda kukaa na mama wa chapati, nusu saa, wakawa wanacheka.

Aliporudi akaniuliza, "Hii chokaa nani kapaka?"

Nikasema, "Mimi, bibi."

"Chini yake kuna nini?"

"Chokaa."

Akaniangalia. Akasema bei yetu ni kubwa, tukapatana. Kiasi sitakiandika, ndugu zangu hawatapenda, lakini dada wa Muscat alituma ujumbe mwingine wa sauti, wa sekunde kumi safari hii.

Masika mawili ya mwanzo nilipita Barabara ya 13 kwa kisingizio cha kahawa. Nilitazama ukuta kuanzia sakafuni mpaka kiunoni. Mahali pamoja, karibu na dirisha la chumba cha tatu, pametoka unga kidogo, upana wa sahani. Nilimwambia bibi nitapashughulikia bure. Akasema hapana haja, yeye hupafagia tu. Kunguru, kweli, wanamlia sabuni.

Ile ya Makorora nimekwenda mara moja tu. Mama mwalimu bado anaishi humo. Ukumbini ameegemeza makabati ukutani kuficha, na pale yasipofika amening'iniza kalenda chini chini, kimo cha mtoto, kalenda za miaka iliyopita. Nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba nitabandua lile koti la mvua na kuurudishia ukuta wake pumzi, kazi yangu na vifaa vyangu. Nikasalimia, nikauliza hali, nikaondoka sijasema.

Najua yeye ni msomaji wa gazeti lako, nilikiona chumbani kwake kilima cha magazeti. Kwa hiyo naomba uichapishe barua hii kabla mwaka haujaisha, hata ukiipunguza. Mama, chokaa nimeshailoweka tangu juma lililopita, madumu matatu. Kaskazi ikianza nitakuja na vijana wangu, asubuhi, kuyasogeza makabati.

Fundi rangi,
Ngamiani, Tanga.
(Jina langu kamili analo Mhariri.)